Macho ni mazima, kwa nini mtoto haoni?

Muuguzi anawasha tochi ndogo na kuimulika kwenye jicho la kulia la mtoto, kisha la kushoto. Mboni zote mbili zinasinyaa upesi, kama inavyotakiwa. Anatafuta ule weupe wa mtoto wa jicho, haupo. Anamgeukia mama: "Mtoto ako sawa, mama. Macho ni mazima." Mama anamfunga mtoto mgongoni kwa leso na kutoka na swali lile lile alilokuja nalo: kama macho ni mazima, mbona mtoto wa miezi 10 hajawahi kumtazama usoni?

Alichosema muuguzi ni kweli, ila ni nusu ya jibu. Tochi inapima kipande kifupi tu cha safari ya kuona. Mwanga ukiingia jichoni, ishara inayoiamuru mboni isinyae inachepuka mapema, inafika kwenye shina la ubongo na kurudi jichoni. Haifiki kisogoni, kwenye sehemu ya ubongo inayotengeneza picha. Ndiyo maana mtoto ambaye sehemu hiyo imeumia anaweza kuwa na mboni zinazofanya kazi barabara, lenzi safi na retina safi, na bado asitambue sura ya mama yake.

Hali hii ni kasoro ya kuona inayotokana na ubongo. Kwenye fomu za hospitali utaikuta kwa herufi CVI. Katika nchi tajiri ndiyo inayoongoza kwa kuwaletea watoto ulemavu wa kuona. Kwetu Nyanza na Magharibi mwa Kenya haitajwi sana, na siamini kwamba ni kwa sababu watoto wenye hali hii hawapo. Mambo yanayoileta tunayo hapa hapa, tena kwa wingi. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza swali la pili baada ya tochi kuzimwa.

Mkazi wa mtaa wa Manyatta, hapa Kisumu kando ya ziwa, anaweza kuelewa jambo hili kwa urahisi. Ziwa limejaa maji hadi pomoni na mfereji wa nyumbani umekauka. Hakuna anayekwenda kulikagua ziwa. Fundi anafuata bomba.

Kwa hiyo tulifuate bomba. Mwanga unatua kwenye retina, utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, na retina inaugeuza kuwa ishara za umeme. Ishara zinasafiri kwenye neva ya macho, ambayo kwa kila jicho ina nyuzi zaidi ya milioni 1. Zinapita kituo kimoja katikati ya ubongo, halafu zinatawanyika katika nyuzi pana zinazopita kando ya mifuko ya maji iliyo ndani ya ubongo, hadi kisogoni. Hapo mistari, pembe, mwanga na kivuli vinapangwa. Kazi bado haijaisha. Kutoka kisogoni taarifa inashika njia mbili. Moja inapanda kuelekea utosini, nayo inahusika na vitu viko wapi, vinasogea vipi, mkono uende wapi kuvishika, na katika vitu vingi vilivyo mbele yako uanze na kipi. Ya pili inapita chini, upande wa masikio, nayo inahusika na kitu ni nini: huu ni uso wa nani, hii ni herufi gani, lile ni lango la kwetu au la jirani.

Ubongo kuhusika hivi si ugunduzi wa jana. Daktari wa Japani, Tatsuji Inouye, aliwachunguza askari waliopigwa risasi kichwani katika vita vya Urusi na Japani, na mwaka 1909 akachapisha ramani iliyoonyesha kwamba kila kipande cha kisogo kinasimamia kipande chake cha yale tunayoyaona. Kisogo kikiumia upande wa kushoto, unapoteza upande wa kulia wa dunia, kwa macho yote mawili. Mwaka 1917 daktari George Riddoch wa Uingereza akaeleza kuhusu askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia ambao hawakuona kitu kilichotulia, lakini kitu hicho hicho kikisogea walikiona. Nawataja hawa kwa sababu alichokiona Riddoch kwa askari wake unaweza kukiona leo kwenye boma lolote. Mtoto amewekewa mdoli mbele yake, anakaa tu kama hakuna kitu. Kuku anapita, shingo inageuka. Bibi anasema, "Si huyo, anaona!" Na bibi hajakosea. Mtoto ameona kile ambacho ubongo wake unaweza kukishika.

Jeraha lenyewe linatoka wapi? Ukimuuliza mama habari za siku aliyojifungua, mara nyingi jibu linaanza na maneno mawili: "Alichelewa kulia." Mtoto akikaa bila kupumua baada ya kuzaliwa, ubongo unakosa oksijeni, na sehemu za kuona ni miongoni mwa zinazoumia. Mtoto huyo huyo pengine alilazwa wadi ya watoto wachanga, akapata degedege siku ya kwanza au ya pili, akachelewa kushika shingo, na baadaye akaambiwa ana mtindio wa ubongo. Familia inapewa tarehe za fizio kwa ajili ya miguu na mikono. Kuhusu kuona, kimya. Ningependa hili libadilike kabla ya mengine yote: kila mtoto mwenye mtindio wa ubongo achunguzwe namna anavyoona, kwa sababu hali hizi mbili hutembea pamoja mara nyingi mno kuachwa kwenye bahati.

Waliozaliwa kabla ya wakati wana hadithi yao, na inafaa kuielewa vizuri. Kwa mtoto wa chini ya wiki 32 hivi, sehemu iliyo dhaifu zaidi ni ile iliyo kando ya mifuko ya maji ya ubongo, mahali penyewe zinapopita zile nyuzi za kuona. Nyuzi zilizo karibu zaidi na mifuko hiyo upande wa juu ndizo zinazobeba picha ya sehemu ya chini ya tunachokiona. Na jirani nazo zinapita nyuzi zinazoamuru miguu. Kwa hiyo jeraha moja linaleta mambo mawili: miguu inayokakamaa, na kutoona kilicho chini, pale miguu inapokanyaga. Mtoto anajikwaa kwenye kizingiti, anaogopa kushuka ngazi, anasimama ghafla sakafu inapobadilika rangi kana kwamba kuna shimo. Watu wote wanalaumu miguu. Nusu ya kosa iko kwenye kuona.

Sukari ya damu ikishuka sana katika siku za kwanza, kwa mfano kwa mtoto mdogo ambaye hanyonyi vizuri, jeraha hupenda kuangukia nyuma ya ubongo, kisogoni kwenyewe. Tone moja la damu kutoka kisigino linatosha kuipima. Halafu kuna homa ya uti wa mgongo, maji kujaa kichwani, kifafa kikali cha watoto wachanga, ajali za boda boda, na hali za kuzaliwa nazo kama sindromu ya Down.

Kwa watu wa kandokando ya ziwa, malaria inastahili nafasi yake. Malaria ikipanda kichwani mtoto anapoteza fahamu, na baadhi ya wanaozinduka wanazinduka hawaoni. Mzazi anayekutana na jambo hili ajue kwamba wengi kati ya hao wanarudi kuona katika wiki au miezi inayofuata. Wapo wanaobaki na kasoro, nyingine ndogo kiasi kwamba hugunduliwa darasani tu. Chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Kenya mwezi wa Septemba 2019 huko Homa Bay, na ikaanza katika kaunti 8 za eneo hili, Kisumu, Siaya, Kakamega na Busia zikiwemo. Dozi ya kwanza hutolewa mtoto akitimiza miezi 6. Tumezoea kuisema chanjo hiyo, pamoja na chandarua, kwa hesabu ya vifo. Zinalinda uwezo wa kuona pia.

Kuna jambo moja la kutia moyo ndani ya habari hii nzito. Zamani, mtoto wa huku aliyepofuka mara nyingi aliharibika jicho lenyewe: surua na ukosefu wa vitamini A vilikwangua kioo cha mbele cha jicho kikabaki cheupe. Chanjo ya surua na dozi za vitamini A za kliniki zimelipunguza sana balaa hilo. Na watoto wachanga waliokuwa wakifariki sasa wengi wanaokolewa. Kasoro za ubongo zinajitokeza zaidi kwa sababu watoto wanaishi. Tumewaokoa, basi tuna wajibu wa kujua wanaionaje dunia tuliyowarudisha.

Na mama asijilaumu. Nasema hivi kwa sababu maneno ya lawama huwa hayachelewi: alikula nini akiwa mjamzito, alimkosea nani, ukoo gani una mkosi. Uchungu uliochukua muda mrefu, au mtoto aliyetoka kabla ya siku zake, si jambo la mkosi.

Sasa tuje kwenye yale yanayoonekana nyumbani, kwa maana hapa ndipo mzazi anapojua kuliko daktari yeyote.

Chukua chakula cha jioni. Mezani kuna kitambaa cha maua. Sahani ni nyeupe, ugali ni mweupe, sukuma wiki iko upande wa juu wa sahani na omena imewekwa upande wa chini, ulio karibu na kifua cha mtoto. Mtoto anakula sukuma, anapapasa ugali kidogo, anaisukuma sahani. "Hapendi omena." Mama akiizungusha sahani nusu mzunguko bila kusema neno, mtoto anashika omena na kuendelea. Hakuchagua chakula. Upande wa chini wa sahani haukuwepo kwake, na ugali ulikuwa umepotelea kwenye weupe wa sahani. Kesho yake mama anatandika kitambaa cheusi kisicho na maua, anatumia sahani ya rangi nzito na kuiinua kidogo juu ya kibao, na mtoto anamaliza. Jaribio hilo halihitaji pesa, nalo linamfundisha mzazi mengi kuliko kipimo cha dakika tano kliniki.

Msongamano wa vitu ndio mzigo mkubwa kwa wengi wao. Kikombe chekundu kikiwa peke yake juu ya meza, mtoto anakifuata. Kikiwa kati ya sufuria, vijiko, kibuyu na kopo la chai, hakioni, na hata ukimwonyesha kwa kidole anatazama pembeni. Ubongo wenye njia ya juu iliyoumia unashika kitu kimoja au viwili kwa wakati mmoja, vingine vinayeyuka. Mpeleke mtoto huyo soko la Kibuye siku ya Jumapili, mitumba imetundikwa kila upande, watu wanasukumana, spika zinapiga kelele. Anaweza kukushika nguo asikuachie, au akalia mfululizo, au akalala ghafla mgongoni wakati si wa kulala. Ukirudi nyumbani anafunguka tena. Jirani anasema mtoto amedeka, kumbe ubongo ulikuwa umezidiwa.

Kelele nayo inakula uwezo wa kuona. Hili huwashangaza watu, lakini ubongo unaopambana kuelewa picha hauna nafasi ya kushughulikia redio, maongezi na mguso kwa wakati mmoja. Wapo watoto wanaotazama vizuri pale tu chumba kinaponyamaza. Wapo wanaotazama kitu, wakageuza uso upande mwingine, kisha wakanyoosha mkono kukichukua huku hawakitazami. Mgeni ataona ni dharau au ni ajabu. Mtoto anagawanya kazi mbili ambazo hawezi kuzifanya pamoja.

Kuna kuchelewa pia. Unamwonyesha mpira, hakuna kitu. Unahesabu moyoni, unafika tano, unafika kumi, na pale unapotaka kuuondoa, macho yanaufikia. Watu wazima tuna haraka. Tunauondoa mpira kwenye sekunde ya tatu na kuandika kwamba mtoto haoni. Rangi fulani huvuta zaidi, mara nyingi nyekundu au ya njano, ingawa kila mtoto ana yake. Wengine hukodolea taa au dirisha kwa muda mrefu. Nyuso ni ngumu, kwa sababu uso una mambo mengi madogo na haukai kama ulivyokuwa: mama anatoka saluni amesukwa upya, mtoto anamlilia kama mgeni mpaka asikie sauti yake.

Kinachowapotosha wazazi na walimu kuliko vyote ni kwamba uwezo huu unapanda na kushuka. Asubuhi ameshiba na kulala vizuri, anaona kijiko. Jioni amechoka, au amepata degedege usiku, au ana homa, hakioni kijiko kile kile. Jicho bovu huwa bovu kutwa nzima. Ubongo una siku zake. Hapo ndipo jina baya linapompata mtoto: mvivu, mkaidi, anajifanya. Nimewahi kusikia mwalimu akisema kwa uhakika kabisa, "Huyu anaona akitaka." Hakuna neno linalomuumiza mtoto huyu kuliko hilo, kwa maana anaadhibiwa kwa jitihada zake mwenyewe.

Wengine huandikiwa usonji kwa sababu hawatazami watu usoni na wanakwepa makundi. Wapo wenye hali zote mbili. Lakini mtoto asiyetazama uso kwa sababu uso haueleweki kwake ni tofauti na asiyeutazama kwa sababu nyingine, na msaada wake ni tofauti. Kabla ya kuandika usonji, mtu aulize: akisikia sauti tu, gizani, anacheka na mama yake?

Je, kuna kipimo? Kimoja cha kumaliza ubishi hakipo. MRI, picha ya mashine inayoonyesha ndani ya ubongo, husaidia, lakini huweza kuonekana ya kawaida kwa mtoto ambaye kasoro yake iko wazi, na bei yake si ya kila mtu. Ubao wa herufi unaosomwa kutoka mita 6 nao unahadaa. Unapima ukali wa kuona, kwenye chumba kimya, herufi nyeusi kwenye weupe. Mtoto anaweza kuusoma hadi mstari wa 6/6, yaani ule wa macho ya kawaida, na asiweze kumpata rafiki yake uwanjani au kuvuka barabara ya Kondele. Taratibu nyingi za kumtambua mtu kuwa na ulemavu wa kuona zimejengwa juu ya ubao huo, ndiyo maana mtoto wa namna hii hudondoka katikati: haoni vya kutosha kuishi kwa raha, anaona vingi mno kuhesabiwa.

Utambuzi unajengwa kwa vitu vitatu vikiwekwa pamoja: historia ya uzazi na magonjwa, uchunguzi kamili wa macho, na maelezo ya namna mtoto anavyotumia kuona kila siku. Daktari wa macho wa watoto Gordon Dutton, wa Glasgow huko Uskoti, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba maswali mazuri kwa wazazi yanafichua yale ambayo mashine hazioni. Nchini Marekani, Christine Roman-Lantzy ametengeneza utaratibu wa kupima mtoto amefika hatua gani, na walimu wengi duniani wanautumia.

Uchunguzi wa macho usirukwe kamwe, hata pale dalili zote zinapoelekeza kwenye ubongo. Mtoto wa hali hii mara nyingi ana makengeza, au anahitaji miwani, au lenzi zake hazijikazi vizuri kuangalia vitu vya karibu. Jambo hili la mwisho ni la kawaida kwa wenye mtindio wa ubongo na Down. Miwani haitibu ubongo, lakini kuunyima ubongo uliojeruhiwa picha safi ni kuuongezea shida. Eneo hili lina hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ile ambayo wengi bado wanaiita Russia, lina hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga, na Eldoret kuna hospitali ya rufaa ya Moi. Nakuru nako kuna hospitali ya kaunti. Ukifika, usiishie kusema "haoni vizuri". Sema haoni nini, saa ngapi, upande gani.

Dawa ya kunywa haipo, wala matone, wala upasuaji wa kuurudisha ubongo. Anayekuuzia matone ya jicho kwa kasoro ya ubongo anakuibia, na anayemtoza mzazi maombi ya kulipia anamwibia mara mbili. Hata hivyo ubongo wa mtoto unajenga njia mpya kwa kutumika, na watoto wengi huboreka kwa miaka, wengine sana. Lakini haujengi njia kwa kitu usichokielewa. Kumwekea mtoto video za simu zenye taa zinazowaka na kuzimika kutwa nzima si mazoezi, na kwa mwenye kifafa kuna wanaoweza kuanguka kwa ajili ya mwanga unaopepesa.

Kinachosaidia ni kuipunguza dunia hadi ifike saizi anayoiweza, kisha kuipanua polepole. Kikombe kimoja cha rangi moja kila siku, kwa uji, mpaka akijue akiwa mbali. Ukuta mtupu nyuma ya kitu unachomwonyesha. Ukivaa gauni la maua mengi, jifunge leso ya rangi moja kifuani kabla ya kumsogelea na kijiko. Dirisha liwe nyuma ya mtoto, lisiwe nyuma yako, la sivyo atautazama mwanga na wewe utabaki kivuli. Mwambie jina lako unapoingia: "Ni mimi nyanya, nimekuja." Mwonyeshe, nyamaza, subiri. Kunyamaza ndiko kunakotushinda wengi. Tunadhani kumchangamsha mtoto ni kumsemesha bila kupumzika.

Shingo na mgongo ulioegemezwa vizuri nao ni sehemu ya kuona. Mtoto anayepigana asianguke kitini hana nguvu ya ziada ya kutazama. Hapa mtaalamu wa fizio na mwalimu wa watoto wasioona wanapaswa kukaa chumba kimoja, na ni nadra kuwaona pamoja.

Kuhusu shule, mlango wa kuanzia ni kituo cha EARC, ambapo watoto wenye mahitaji maalum hutathminiwa na kuelekezwa. Vituo hivi vilianza mwaka 1984, na chuo cha KISE kinachofunza walimu wa elimu maalum kilianzishwa mwaka 1986, kwa hiyo si mambo mapya wala ya kuombea rushwa. Kisumu ina shule ya wasioona ya Kibos, na Siaya ina ya St Oda. Ni shule zenye walimu wanaojua kazi. Lakini mtoto mwenye kasoro ya ubongo si lazima awe wa Breli, yale maandishi ya kupapasa kwa vidole. Wengi wanajifunza kwa macho, mradi ukurasa usiwe vurugu. Wengine Breli au kusikiliza ndiyo njia yao, hasa wale ambao herufi zinabaki michoro isiyo na maana mwaka baada ya mwaka. Sera ya elimu ya mwaka 2018 kwa wanafunzi wenye ulemavu inaelekea kwenye kumsomesha mtoto shule ya jirani panapowezekana, na mimi naiunga mkono ikiwa tu mwalimu wa hiyo shule ameelezwa anachopokea.

Maana darasa letu la kawaida limebandikwa chati kutoka dari hadi sakafu, wanafunzi wamejaa, na ukurasa wa kitabu una picha tano, visanduku na rangi saba. Kwa mtoto huyu ni Kibuye ndani ya daftari. Mwalimu anaweza kukata dirisha kwenye karatasi nyeusi na kuiweka juu ya ukurasa ili swali moja tu lionekane. Anaweza kumkalisha mbele, upande ule anaouona, akimtazama mwalimu mwenye ukuta mtupu nyuma yake. Kwenye mitihani KNEC, baraza la mitihani la Kenya, hutoa maandishi makubwa na muda wa ziada kwa watahiniwa wenye ulemavu wa kuona. Muda wa ziada unamfaa sana. Maandishi makubwa peke yake hayatoshi. Anachohitaji ni nafasi kati ya vitu, maswali machache kwa kila ukurasa. Mzazi aliombe hilo mapema, kwa maandishi, pamoja na ripoti ya daktari.

Ukijiandaa kwenda kliniki, beba kitabu cha mama na mtoto, na zile karatasi za wadi ya watoto wachanga kama bado unazo. Andika alizaliwa wiki ya ngapi, alilia lini, kama alipata manjano, degedege, sukari kushuka, au malaria ya kupoteza fahamu. Chukua simu umrekodi dakika mbili akiwa ametulia nyumbani: akila, akitafuta kitu sakafuni, akishuka kizingiti, akitazama uso wako kabla hujasema na baada ya kusema. Kliniki yenye foleni, kilio na taa kali ndipo mahali pabaya zaidi pa kumpima, na daktari anayeiona video hiyo atauliza maswali ambayo asingeyauliza. Uliza kama anahitaji miwani, hasa ya karibu. Uliza ni upande gani anaona vizuri, juu au chini, kulia au kushoto. Kisha omba nakala ya kilichoandikwa, kwa sababu EARC wataihitaji, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu wataihitaji wakati wa kumsajili, na mwalimu atakayempokea Januari anapaswa kujua, kabla hajamwita jina, kwamba mtoto huyu akionyeshwa kitu husubiriwa hadi kumi.